Mafua ya Tundu Moja

Huku Tukuyu mtu hakuulizi kama una mafua. Anakuuliza yameanza lini. Mvua yetu haina adabu, inanyesha hata jua likiwa linawaka, na baridi inayoshuka mlimani inakufuata mpaka chini ya blanketi. Mimi Hajira, tangu nipate akili, sijawahi kumaliza masika nikipumua vizuri. Kwa hiyo wifi yangu Rukia alipoanza kupenga kamasi kila saa, nani angeshtuka? Hata yeye mwenyewe hakushtuka.

Wifi yangu huyu ni mke wa kaka yangu Mansuri. Watu wanamwita mama Yussuph, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na anauza mchele hapa sokoni. Mimi nauza chai na vitumbua pembeni ya meza yake, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho, sikuhadithiwa. Na mji mzima unajua jambo moja: mchele ukipita pua ya Rukia, umepita. Anachota konzi moja, anausugua viganjani mpaka upate joto, anapuliza vumbi, halafu anazamisha uso. Akiinua uso anakwambia huu wa Kyela wa mwaka huu, huu wa Kyela uliolala ghalani, huu umechanganywa na wa Usangu. Mchele wa Usangu hauna ubaya, mimi nawapikia wanangu na wanashiba, ila ile harufu hauna. Mtu akiwa na harusi, awe wa msikitini au wa kanisani, anakuja kumchukua Rukia kwanza ndipo aende kununua.

Bambo hakuwa nalo. Bambo ni kile chuma chenye tundu ambacho wauzaji wengine wanakichoma ubavuni mwa gunia ili watoe mchele wa katikati. Rukia aliona ni utovu wa heshima. Alikuwa anasema ukimchomea mtu gunia lake mbele za watu, umeshamwita mwizi bila kufungua mdomo. Yeye alichota juu, akanusa, kazi imekwisha.

Na mchele wake mzuri kuliko wote ulitoka kwa Hezron. Hezron anakaa Kisondela, ana migomba na miparachichi, lakini mashamba yake ya mpunga yako Kyela kwa wajomba zake. Alikuwa anatuletea mchele tangu marehemu mama yetu akiwa ndiye mwenye meza. Ni mtu mpole, maneno yake machache, Kiswahili chake kimechovywa kwenye Kinyakyusa, na ukimpa chai atakwambia "ndaga fijo", yaani asante sana, kabla hata hajaionja. Kwenye misiba yake tulikuwa jikoni kwake, na kwenye misiba yetu alikuwa wa kwanza kufika na mikungu ya ndizi. Huyo si muuzaji wala mteja, ni ndugu.

Basi, yale mafua. Yalikuja na hayakuondoka. Rukia alinunua vidonge duka la dawa, akameza, yakapungua, yakarudi. Akajifukiza kwa majani ya mkaratusi mpaka uso ukamvimba. Yakapungua, yakarudi. Akawa anasema shavu la kushoto ni zito, akiinama kuinua debe anasikia kama kuna kitu kinamwegemea chini ya jicho. Nikamwambia ni uzee, akanisonya.

Halafu ikaja harufu. Asubuhi moja akasema nyumbani kwao kuna kitu kimeoza. Kaka yangu maskini akapanda darini kutafuta panya aliyekufa. Akang'oa mbao, akapekua, akamkuta popo mmoja mzima wa afya anayemshangaa. Mbao zikarudishwa, harufu ikabaki. Paka akashukiwa, akafukuzwa, akarudi, akafukuzwa tena. Siku iliyofuata Rukia akainua uso pale mezani akaniuliza mafuta yangu ya vitumbua niliyanunua lini. Mimi? Mafuta yangu? Jamani, mimi nina hasira za karibu na sijifichi. Nilimjibu maneno ambayo hapa siyarudii, na tukanuniana mpaka Mansuri akatukalisha kama watoto wa shule.

Yote hayo tungeyacheka. La Hezron hakulicheka mtu.

Alikuja na gunia lake siku ya soko kubwa, watu wamejaa. Rukia akachota, akasugua, akapuliza, akazamisha uso. Nikamwona anakunja sura. Akachota tena. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya: akamwaga mchele wa Hezron kwenye turubai mbele ya wateja, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza nyanya, "Kaka Hezron, miaka yote hii, leo umeniletea uvundo?"

Hezron hakubishana. Aliinama, akaukusanya mchele wake kwa viganja, akaurudisha kwenye gunia mpaka punje za pembeni, akafunga, akaondoka. Hata chai yangu hakuigusa. Wenzetu wa meza za jirani walinusa punje zilizobaki kwenye turubai wakatazamana. Hakuna aliyesikia uvundo. Lakini nani ambishie Rukia?

Gunia lile likanunuliwa na muuzaji mwingine, likapikwa kwenye harusi Makandana, na watu wakaramba sahani. Hapo ndipo midomo ikafunguka. Wakasema pua ya mama Yussuph imekufa. Wengine wakasema haikufa, ni choyo tu. Wateja wakaanza kupita meza yetu wakiangalia upande wa pili, kama wanatafuta mtu. Na Hezron akanyamaza kabisa. Hakuja tena, salamu hakutuma, mvua ikanyesha msimu mzima bila yeye kukanyaga sokoni. Rukia akawa anauza mchele wa watu asiowajua, na kila gunia analinusa mara nyingi na bado hana uhakika.

Siku moja tulikuwa tunapanda kutoka sokoni, yeye na mimi peke yetu, mvua inatumwagikia, upepo unavuma kutoka mashamba ya chai. Hakuna nyumba karibu, hakuna jaa, hakuna mzoga. Rukia akasimama katikati ya barabara akasema, "Wifi, uvundo huo tena."

Nikamwangalia. Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Nikamuuliza kwa upole, "Wifi, hapa tupo sisi na mvua. Kinachooza ni nini?"

Alinielewa kabla sijamaliza. Alishika pua yake kwa mkono wote akaanza kulia, na mimi nikalia naye, tumelowa chapachapa. Akasema kama Hezron hakuwa na kosa, basi amemvunjia ndugu heshima bure. Na kama pua yake ndiyo iliyooza, yeye atakuwa nani mjini hapa? Nilichojua ni kwamba kesho yake nampeleka hospitali, atake asitake, kwa miguu au kwa mgongo wangu.

Tukaenda hospitali ya Makandana. Tulimkuta daktari mmoja kijana, Modesta, mwenyeji wa Bukoba aliyepangiwa kazi huku kwetu, kavaa sweta mbili chini ya koti jeupe na bado anatetemeka. Rukia akaanza kumweleza habari za mafua ya Tukuyu. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali ambalo sisi sote, na uzee wetu, hatukuwahi kuuliza: kamasi zinatoka tundu gani?

Wifi akafikiri. La kushoto. Na lile la kulia? La kulia halina neno. Shavu linalouma? La kushoto. Harufu inakuja upande gani? Daktari akamziba tundu la kulia, akamwambia avute pumzi, na Rukia akakunja sura ile ile ya siku ya turubai. Akamziba la kushoto, uso ukalegea.

"Mama," daktari akasema, "mafua hayachagui tundu. Kitu kikikaa upande mmoja muda wote huu, tukitafute hukohuko kilipo."

Kisha akamuuliza habari za meno. Nikajisemea moyoni, huyu naye, pua na meno wapi na wapi? Kumbe gego moja la juu kushoto Rukia aliwahi kuzibwa mpaka kwenye mzizi, zamani, alipokuwa kwa dada yake mbali na huku. Daktari akatueleza kwamba nyuma ya shavu kuna chumba kitupu cha hewa, na mizizi ya magego ya juu inagusa sakafu yake. Mara nyingine dawa ya kuzibia jino inapenya kidogo ikaingia mle chumbani, na mtu asijue miaka na miaka. Picha ya eksirei ikaonyesha chumba cha kulia cheusi, maana kina hewa, na cha kushoto cheupe kabisa, maana kimejaa. Akatuandikia twende Mbeya kwa kipimo kikubwa cha CT na kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo.

Mbeya ndiko tulikosikia lile neno. Kwenye picha mpya, katikati ya ule weupe, kulikuwa na vidoadoa vyeupe zaidi, vigumu, na bingwa alipoviona akasema anadhani ni donge la fangasi. Mimi nilichojua fangasi ni za vidole vya miguu. Za ndani ya uso? Nilimwona wifi yangu kipofu, nilimwona kwenye sanda, Mungu anisamehe, nilishaanza kupanga nani atapika.

Bingwa alikuwa mtu wa subira. Akasema vimelea vya fangasi viko kwenye hewa kila mahali, sote tunavivuta na pua inavisukuma nje. Kwa Rukia viliingia kwenye chumba ambacho mlango wake umeziba, vikapata kitu cha kushikilia, ile dawa ya jino, vikajijenga humo taratibu. Ndiyo maana vidonge vilituliza usaha tu, donge halikuguswa. Akatuambia ipo fangasi ya pua iliyo kali, inayokula nyama na kukimbilia jichoni, na hiyo hupenda watu ambao kinga ya mwili imeshuka au sukari imepanda sana. Kwa hiyo akampima Rukia sukari na damu, akamkagua macho. Vyote vizuri. Akasema hii ya kwake haijala nyama, imekaa tu kama mgeni asiyeaga, na dawa yake ni kuitoa na kuufungua mlango wa kile chumba. Uso hautapasuliwa. Atapita tunduni kwa kamera nyembamba yenye taa.

Rukia akaomba aione ile kamera. Akaletewa. Akautazama ule urefu wake, ule wembamba, akaanza kucheka, na mimi nikadhani woga umemvuruga.

"Wifi," akaniambia, "hawa wanataka kunichoma bambo."

Tukacheka wote wawili mpaka nesi akatukumbusha kwamba wodini kuna wagonjwa. Bingwa hakujua bambo ni nini, tukamweleza, akakubali kwamba ni hivyo hivyo: ya juu hayakwambii ya ndani. Baadaye wifi akaniambia ametembea na pua yake kwa kiburi maisha yote, akinusa ya juu na kutoa hukumu. Nikamwambia maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, toba atatubu akiamka. Akachomwa nusu kaputi, akapelekwa ndani, na mimi na kaka yangu tukabaki kwenye benchi tukisoma kila dua tunayoijua na nyingine tukizichanganya.

Alitoka salama, alhamdulillahi. Nesi akatuonyesha kile kitu kwenye kikopo: mabonge ya rangi ya udongo, yamelowa kama ugoro uliomwagikiwa maji. Hicho ndicho kilichompandisha kaka yangu darini. Hicho ndicho kilichomfukuza paka. Kipande kikapelekwa maabara kuangaliwa kwa hadubini, na majibu yalipokuja yakasema ni fangasi na haikuingia kwenye nyama wala mfupa. Vidonge vya fangasi hakupewa hata kimoja, hakuvihitaji. Aliambiwa aoshe pua kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na gego lile akalishughulikie kwa daktari wa meno, asije mgeni mwingine akapita mlango ule ule.

Uvundo ulikwisha. Lakini pua ilikuwa imevimba na ina magamba, na kwa muda Rukia hakusikia harufu yoyote, si mbaya si nzuri. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, ingawa mdomoni nilimwambia avute subira. Aliosha pua asubuhi na jioni kama mtu anayetawadha. Halafu mchana mmoja Mansuri akaingia kutoka kwenye mvua, akatundika koti lake mlangoni, na Rukia akiwa jikoni, kwa umbali ule, akasema, "Baba Yussuph, koti lako linanuka beberu."

Kaka yangu alilishika lile koti akalibusu. Kwa nyumba ile, siku ile, hilo lilikuwa tusi tamu kupita shairi. Mimi nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa.

Kikabaki kitu kimoja, na wote tulikijua. Rukia akafunga kilo za sukari na doti ya kanga kwa ajili ya Tulinagwe, mke wa Hezron, tukapanda bodaboda mbili mpaka Kisondela. Rukia alimwangukia Hezron miguuni. Akamweleza yote, donge, jino, bambo, hakujitetea hata kidogo. Akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Uvundo nilikuwa nao mimi, nikakutukana wewe." Hezron akamwinua, akatukaribisha, tukapikiwa ndizi kwa maharage na maziwa ya mgando. Lakini neno la mchele hakulitoa. Tulipoaga akasema tu, "Nitakuja sokoni."

Nilirudi nimefura. Nilimwambia wifi yule mzee ana moyo wa jiwe, mtu kaanguka miguuni kwako unamjibu utakuja sokoni? Rukia akaniambia ninyamaze, kwamba alimvunjia heshima mbele za watu akaenda kumwomba radhi kwenye uficho wa migomba.

Hezron akaja siku ya soko kubwa. Gunia begani, kofia kichwani, akalishusha kwenye turubai lile lile. Meza zote za jirani zikawa kimya, hata wanunuzi wakasogea, maana nani hakuijua kesi hii? Akafungua mdomo wa gunia akasema, "Mama Yussuph, nusa."

Wifi akachota, akasugua, akapuliza, akazamisha uso. Nilikuwa namtazama yeye tu. Akatabasamu, na moyo wangu ukatulia. Harufu ilikuwepo, ya Kyela kabisa. Kisha tabasamu likafifia. Akachota tena. Akainamia gunia lenyewe, akakaa humo muda mrefu kuliko kawaida. Aliponyanyuka alikuwa na uso wa mtu aliyeona kitu na anatamani asingekiona.

Nikajua anawaza nini. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Juzi kamwangukia mtu huyu miguuni. Leo aseme tena kwamba mchele wake una kasoro, mbele ya watu wale wale, kwa pua ambayo mji mzima umeshaizika? Akikosea, basi ni Hezron kwaheri na meza kwaheri. Na akinyamaza, nani atajua? Nilimkanyaga mguu anyamaze. Kweli nilimkanyaga.

Hakunisikiliza. Akamgeukia muuzaji wa meza ya pili akaomba bambo lake, kisha akamwambia Hezron kwa sauti ndogo, lakini kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba kila mtu alisikia:

"Kaka, harufu ipo, ila inatoka juu tu. Nipe ruhusa nikuchomee gunia."

"Choma," Hezron akasema.

Akachoma ubavuni, mchele ukamiminika kiganjani. Kwa macho ulikuwa ule ule, mweupe, mrefu. Akausugua, akanusa. "Katikati huu ni wa Usangu," akasema. "Hauna uvundo, kaka, ni mchele safi. Lakini si wa Kyela."

Hezron akavua kofia yake. Halafu yule mzee wa maneno machache akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, akauambia umati kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba amemwaga mwenyewe ule mchele wa Usangu mle ndani, asubuhi, yeye na mkewe. "Siku ile alinihukumu mbele yenu," akasema. "Na nyinyi mkamhukumu yeye. Leo mmeona wote. Pua imerudi, na sasa inachimba."

Basi soko likalipuka. Watu walipiga makofi, wauza nyanya wakaja, mtu akarusha kanga yake juu. Hezron akaenda kwenye bodaboda iliyomsubiri barabarani akarudi na gunia lingine, la kweli, akamwambia Rukia achome na hilo. Rukia akachoma. Akanusa, na machozi yakamtoka hapo hapo, hakuyafuta. Ukimwona mtu analia na kucheka kwa uso mmoja, huwezi kumsahau. Mimi nilimimina chai kwa kila aliyekuwa karibu, na kikombe cha kwanza nilimpa Hezron, nikamtubia kimoyomoyo lile jiwe nililomwekea kifuani. Akasema ndaga fijo, kisha ndipo akanywa.

Wifi akanisogezea kiganja chake chenye mchele ule mpaka chini ya pua. Nikavuta pumzi kwa nguvu zangu zote. Sikusikia kitu. Nikasema unanukia kweli kweli.

Akanitazama, mkali kama daktari.

"Wewe una mafua. Tundu gani?"

"Yote mawili, wifi," nikamwambia. "Ya Tukuyu tu."